Jiwe Lililochemka kwa Baba Mdogo

Wenzangu wa kwaya, Jumanne mlipoiona mikono yangu mmoja wenu alisema nimepigana na paka, na mwingine, ambaye simtaji lakini anakaa safu ya sauti ya pili, akasema nimefumaniwa. Nimeamua kuandika, maana kila nikianza kusimulia mazoezi nayo yanaanza, na habari yenyewe tayari inazunguka mtaa wa Nyasho ikiwa imevaa nguo za kuazima.

Kazi yangu mnaijua, ingawa nusu yenu mnaamini nauza petroli. Mimi nasoma mawe. Kule nchi ya baridi ninakofanya kazi, mafuta yako chini ya bahari, ndani ya tabaka za chaki na udongo wa mfinyanzi wenye chokaa, zimelaliana kama chapati kwenye sahani. Wachimbaji wanalitoa jiwe chini, mimi naliweka mezani, nalitazama kwa kioo cha kukuzia, nalidondoshea asidi, na likinisumbua naling'ata. Kisha nasema hapa pana mafuta, au hapa hapana. Nikisema hapana, mashine inahamishwa. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Ila kuna siku nilijisifu, na ndiyo iliyoleta haya yote. Miaka kadhaa nyuma, kwenye harusi ya binamu yangu huko Bunda, nilikuwa na kipande cha chaki ile mkobani. Nikakitoa mbele ya ndugu, nikakidondoshea asidi, kikatoa povu. "Mnaona linavyochemka?" nikawaambia. "Jiwe la namna hii ndilo linalotupa mafuta." Watu wakapiga makofi. Nikampa jiwe lile baba mdogo Magesa liwe kumbukumbu, nikala pilau, nikarudi kazini, nikasahau.

Alhamisi asubuhi, nikiwa likizo hapa Musoma kwa mama, simu ikalia. Alikuwa mke wake.

"Nyangeta, baba yako amepata mafuta," akasema mama mdogo, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyepata kitu. "Kuna mawe meupe kwenye shamba letu. Ameyazungushia miiba, ng'ombe za watu hazipiti. Anasema ni jiwe kama lile ulimpaga. Jumamosi wazee wanakaa. Wanamtenga."

Ninyi mliozaliwa mjini huenda neno hilo mnalisikia juu juu. Mtu akitengwa hasalimiwi. Ng'ombe wake hawanyweshwi pamoja na wa wenzake, na siku akifa wa kuchimba kaburi ni watoto wake peke yao. Baba mdogo amepita miaka sitini, na watoto wake wote wako mbali. Nilimwambia mama mdogo aweke chai, nafika leo leo.

Musoma hadi Kiabakari

Nilipata lifti kwenye pikapu ya Masatu, mtu wa visiwani aliyeacha uvuvi na sasa anapeleka dagaa sokoni. Nilikaa mbele, magunia ya dagaa yakakaa nyuma, na harufu ikakaa kote. Masatu aliniuliza naenda kufanya nini, nikamwambia naenda kumwambia mzee wangu kwamba hana mafuta.

"Hiyo ni kazi ya kupanda gari?" akashangaa. "Mimi ningemtumia meseji."

Nilikuwa na haki ya kucheka kwa sababu sikuwa na wasiwasi. Jibu nilikuwa nalo kabla ya kuliona jiwe lenyewe. Ila nisingeweza kwenda moja kwa moja. Mbele ya wazee wale, mtoto wa kike wa ukoo mwingine hasimami akaanza kuhutubia. Lazima aletwe na mkubwa wa kwao. Mkubwa wetu ni baba mkubwa, kaka yake Magesa, anayeishi Butiama. Kwa hiyo mpango ulikuwa nishuke Kiabakari, nichukue pikipiki mpaka Butiama, nimbebe baba mkubwa, na jioni tuwe wote Bunda.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kushuka Kiabakari nikiwa na nyundo ya mawe mkononi. Pale palikuwa na mgodi wa dhahabu, na mpaka leo mtu akisimama barabarani na nyundo ya namna ile hana maelezo mengine yatakayokubalika. Kijana wa pikipiki hajatia hata mafuta, mzee mmoja akaja na jiwe limefungwa kwenye leso.

"Mama, unanunua bei gani?"

"Sinunui, baba. Mimi napita tu."

"Aah. Basi umetumwa na anayenunuaga."

Mnanijua. Mtu akinipa mtoto wake nimbebe naweza kukataa, lakini akinipa jiwe siwezi. Nikatoa kioo. Nikalitazama, nikamwambia ukweli, kwamba lile la kung'aa si dhahabu, ni madini ya chuma na salfa. Alikasirika, lakini akaenda kuwaita wengine. Wakaja na mawe kwenye mifuko ya rambo, kwenye kofia, kwenye kanga. Mmoja alileta kipande cha sinki la choo, akaapa amekichimba futi kumi chini. Bibi mmoja alinivuta mpaka nyumbani kwake niangalie jiwe lake la kusagia, nikamwambia hilo ndilo jiwe bora nililoliona siku hiyo. Akanipa muhogo wa kuchoma, na Masatu, aliyekuwa bado anashusha dagaa, akaongeza konzi mbili za dagaa wa kukaanga. Tulikula tumesimama.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nilipokumbuka kwamba nina safari.

Kiabakari hadi Butiama

Nilifika Butiama nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilitegemea kumkuta baba mkubwa amekaa na fulana yake ya nyumbani. Nilimkuta amevaa koti la suti, viatu vimepigwa rangi, na karatasi imekunjwa mfukoni.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Wazungu wanakuja lini?"

Hapo nikaelewa kwamba habari ilikuwa imenitangulia, na kwamba imekuja vibaya. Baba mkubwa alidhani nimekuja kumchukua tukalinde mafuta. Akafungua karatasi: anataka barabara ya lami mpaka kwa Magesa, zahanati yenye mganga wa kudumu, na mjukuu wake apewe udereva. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa mtumishi mstaafu, kwa maana alikuwa bwana mifugo maisha yake yote ya kazi.

Nikamngoja amalize kutenga chakula. Ni mjane, anajipikia mwenyewe, na ugali wake wa mtama unawashinda wengi wenu. Tulikula kwa maziwa ya mgando, kisha nikamweleza kwa vyombo vilivyokuwa mezani.

"Baba mkubwa, mafuta yanapikwa. Huko kazini kwetu, chini kabisa kuna udongo mweusi wa mfinyanzi uliojaa mabaki ya viumbe vidogo vya bahari. Hilo ndilo jiko. Ulifukiwa chini sana, joto la ardhi likaupika, mafuta yakatoka. Yakapanda, yakaingia kwenye chaki. Chaki ina matundu mengi ajabu, ila madogo mno, na mafuta hayatembei vizuri humo mpaka jiwe lipate nyufa. Juu yake kuna mfinyanzi mwingine wa chokaa, umekaza. Hicho ni kifuniko. Bila jiko na bila kifuniko, chaki haina kitu."

"Na kwa Magesa?"

"Kwa baba mdogo, ukichimba chini ya udongo unakuta majabali yale yale ya Musoma. Ni ya kale kuliko hao viumbe wenyewe. Jiko halipo. Ile nyeupe ni chokaa iliyoletwa na maji ya ardhini. Maji yalipanda, jua likayakausha, chokaa ikabaki. Inatoa povu kwa sababu ni chokaa, basi."

Alilamba vidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo nivue koti?"

Niliona huruma, nikamwambia alibakize, wazee wataliheshimu. Ndipo akaniambia jambo ambalo mama mdogo hakunieleza, na ambalo mimi na kioo changu nisingelijua. Yale mawe meupe yana udongo wa chumvi chumvi pembeni yake. Baba mkubwa alifanya kazi kijiji kile miaka mingi, ndiyo sababu mdogo wake alimfuata akapata malisho na shamba huko. Aliwaona wachungaji wakipeleka ng'ombe pale wakalambe, hasa majike wenye mimba na wanaonyonyesha.

"Wanalambaga pale tangu kabla ya sisi kuzaliwa," akasema. "Shamba ni la Magesa, nani anabisha? Lakini chumvi si yake. Chumvi ya ng'ombe haina mwenyewe. Mtu akiifunga ni kama amefunga njia ya kisimani."

Mpaka hapo nilikuwa nadhani naenda kusahihisha hesabu ya jiolojia. Usiku ule sikulala kwa raha.

Butiama hadi Bunda

Ijumaa tuliondoka mapema na pikipiki mbili, baba mkubwa mbele na koti lake. Kama isingekuwa yeye tungefika kabla ya chakula cha mchana.

Bwana mifugo hastaafu. Kila kijiji kuna mtu aliyemkumbuka. Wanamsimamisha, wanamsalimia kwa dakika kumi, halafu wanasema kuna ndama hapa nyuma ya nyumba hasimami vizuri. Baba mkubwa anashuka, anakunja mikono ya suti, anafungua mdomo wa ndama, ananusa, anatoa ushauri. Mara ya nne nikashindwa.

"Baba mkubwa, Jumamosi ni kesho."

"Na huyu ng'ombe anaumwa leo," akanijibu, mkono wake ukiwa mahali ambapo sitapaandika humu, maana barua hii itasomwa na mchungaji.

Dereva wangu wa pikipiki akasema kwa upole, "Dada, si nilisikia jana Kiabakari uliangaliaga mawe ya watu mpaka jua likashuka?" Kumbe habari za Kiabakari nazo zilikuwa zimefika. Ukoo ni ukoo.

Tuliingia Bunda mjini jioni, tumechelewa kwenda mpaka kijijini, tukapata vyumba, na nikampigia mama mdogo kumwambia tuko karibu. Akasema baba mdogo amelala mapema na hataki kula. Sisi tulikula sato wa kuchemsha kwa ugali wa muhogo, na baba mkubwa akalalamika kwamba samaki wa Bunda amesafiri zaidi ya sisi.

Asubuhi, tukiwa tunangoja pikipiki, nilinunua mayai mawili ya kuchemsha kwa dada mwenye ndoo. Nikaanza kumenya. Ganda likanibaki kwenye kiganja, jeupe, na nikaliangalia kama naliona kwa mara ya kwanza. Nilimwambia dada yule asitupe maganda ya wateja wengine, anifungie kwenye gazeti. Baba mkubwa alinitazama, akasogea pembeni kidogo.

Bunda hadi kwenye mawe meupe

Wazee walikuwa wamekaa kwenye baraza la ghala la zamani la pamba, kijijini kwa baba mdogo, kwenye viti na madebe. Aliyewaongoza ni mzee Wambura, jirani wa baba mdogo kwa miaka thelathini. Baba mdogo alikuwa amekaa peke yake kwenye gunia, nafasi ya watu wanne kila upande. Nilipomwona nikataka kwenda kumsalimia, baba mkubwa akanishika kiwiko.

"Huyu ni nani?" mzee Wambura akauliza.

"Ni mtoto wetu," baba mkubwa akajibu. "Neno lake nalibeba mimi."

Baba mdogo alipewa nafasi kwanza. Alitoa sahani, akaweka mawe mawili, la kwangu na la kwake. Akafungua chupa ya soda yenye maji ya betri, akadondosha kwa ncha ya unyoya wa kuku, tone moja kila jiwe. Yote mawili yakatoa povu.

"Mmeona," akasema. "Nimejaribu mawe yote ya kilima hii, moja moja. Nyeusi, hapana. Nyekundu, hapana. Ni hii tu inachemkaga. Mimi sijafunga chumvi kwa roho mbaya. Nilitaka ikianza kutoka, itoke ikiwa imelindwa, tupate wote."

Watu walinong'ona. Baba mkubwa akaniambia nisimame. Nikafungua gazeti, nikaweka maganda ya mayai kwenye sahani ile ile, nikaomba chupa, nikadondosha. Maganda yakatoa povu kuliko mawe.

"Wazee wangu," nikasema, "hii dawa inachemsha chokaa popote ilipo. Jiwe ni chokaa, ganda la yai ni chokaa. Kama povu ni mafuta, basi kuku wa hapa kijijini wanataga dizeli."

Baraza zima likacheka. Hata mzee Wambura aliinamisha kichwa mabega yakimtikisika. Nilikuwa nimeshinda, na kwa haraka kuliko nilivyopanga. Kisha nikamtazama baba mdogo. Alikuwa anafuta sahani kwa pindo la shati lake, polepole, kama mtu anayetaka kupata kitu cha kufanya na mikono. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Kwa mara ya pili nilikuwa nimejipatia sifa juu ya mgongo wake.

Kicheko kilipoisha mzee Wambura akauliza, "Sasa Magesa alidanganywa na nani?"

Baba mkubwa akakohoa. Ningeweza kukaa chini.

"Na mimi," nikasema. "Jiwe nilimpa mimi, na maneno nilimpa mimi, kwenye harusi. Nilimwambia jiwe la kuchemka linatoa mafuta. Sikumwambia kwamba linahitaji jiko chini yake na kifuniko juu yake, kwa sababu nilitaka kusifiwa na hayo yangerefusha maneno. Yeye amefanya kazi yake vizuri. Amejaribu kilima kizima, jiwe kwa jiwe. Nimekaa na watu wenye digrii tatu ambao hawajaribu hivyo. Kosa liko kwenye nusu niliyomnyima."

Hakuna aliyecheka.

"Miiba iliwekwa na mkono," mzee Wambura akasema. "Itolewe na mkono."

Basi mikono yangu mmeielewa sasa. Tulikwenda wote mpaka kwenye mawe meupe, wazee wakasimama, baba mdogo akaanza upande mmoja na mimi upande mwingine. Hatukupewa panga wala fimbo. Ilikuwa ni migunga mikavu, miiba mirefu, na baba mdogo alikuwa ameifunga kwa ufundi wake wote. Baba mkubwa alivua koti akataka kusaidia, wakamkataza. Jua lilikuwa utosini. Tulipokutana katikati, baba mdogo alichukua mkono wangu akauchomoa mwiba mmoja uliokuwa umezama.

Wazee wakaondoka. Waliagana na baba mkubwa peke yake. Nikamuuliza, "Wameamua nini?"

"Hawasemagi," akajibu. "Wakimtenga mtu hawatangazi, na wakimwacha hawatangazi. Majirani ndio watamwonyesha."

Jioni ile hakupita mtu. Huenda hakukuwa na mwenye safari, huenda walizunguka. Baba mdogo alikaa nje mpaka giza likaingia.

"Nilijua wewe huwezi kunidanganya," akaniambia.

"Sikukudanganya kwa kusudi, baba. Nisamehe."

"Nilipenda tu na sisi tuwe na kitu," akasema. "Huko kwenu mko na kitu. Nilikuwaga naliangalia hilo jiwe, nasema hii iko mpaka na hapa."

Nililia, siwafichi. Yeye akaniambia niingie ndani, kuna mbu.

Jumapili asubuhi

Mama mdogo alikuwa jikoni anachochea moto wa uji, mimi namsaidia kwa vidole vilivyovimba. Baba mdogo alikuwa bado chumbani, na mlango wake umefungwa. Baba mkubwa alikuwa ameenda kuangalia ndama wa mtu, bila shaka.

Nje mtu akapiga hodi. Mama mdogo alishtuka mwiko ukamponyoka. Alikuwa mama Wambura, mke wa yule mzee, amesimama uani na kigae cha chungu mkononi, ndani yake ametandika majivu.

"Mmeamkaje hapa," akasema. "Naomba moto. Wangu umezimika."

Kiberiti alikuwa nacho. Nilikiona kabisa, kimechomekwa kwenye fundo la kanga yake, na hakufanya bidii yoyote kukificha. Lakini kwa mtu aliyetengwa hauombwi moto, hata kama nyumba nzima imelala baridi.

Mama mdogo alichukua koleo akaanza kuchagua makaa, anaokota moja, analirudisha, anatafuta lingine.

"Nani huyo?" sauti ya baba mdogo ikauliza kutoka chumbani.

"Ni mama Wambura," nikamwambia. "Anaomba moto."

Kisha komeo la mlango likavutwa.

"Mpe," akasema. "Mpe kaa kubwa."